Jumamosi Kumi na Mbili

Mwizi aliiba kompyuta, kisha akakunja nyaya.

Jambo hilo lilimkera Inspekta Obura tangu alipoingia katika studio ya picha ya Shantilal, ghorofa ya kwanza, nyuma ya Barabara ya Kenyatta mjini Nakuru. Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na nane Julai 2008, saa kumi alasiri, na manyunyu yalikuwa yakilowesha madirisha. Juu ya meza monita ilikuwapo, kibodi ilikuwapo, kipanya kilikuwapo. Chini ya meza, mahali sanduku la kompyuta lilipokaa kwa miaka mitatu, palibaki mraba safi usio na vumbi. Kando ya mraba huo nyaya zilikuwa zimekunjwa moja moja na kufungwa kwa rababendi. Hata swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa.

Obura alikuwa na miaka ishirini na miwili katika upelelezi. Alikuwa amewaona wezi wa kupasua mabati, wezi wa kuchimba ukuta, na mmoja aliyepika ugali jikoni kwa mwenye nyumba, akashiba, akalala pale pale mpaka akakamatwa. Mwizi wa kuzima swichi ya ukutani hakuwa amemwona bado.

"Nani ana funguo?" aliuliza.

"Watu watatu," alisema Nitin. Huyu alikuwa mpwa wa mwenye studio, mtu wa simu mbili na haraka nyingi, na ndiye aliyewaita polisi. "Mimi, uncle yangu, na Naftaly."

"Kufuli limevunjwa?"

"Zii. Liko sawa kabisa."

"Wewe ulikuwa wapi kati ya saa saba, duka lilipofungwa, na saa nane na nusu?"

"Naivasha, boss. Kuna harusi tunapiga picha wiki ijayo, nilienda kuona ukumbi. Piga simu huko uulize."

Obura aliandika. Angepiga simu, alipiga hata kwa habari za watu aliowaamini.

"Kompyuta ya miaka mitatu. Ina nini cha kuibwa?"

Nitin alicheka bila furaha. "Hapo ndio shida, boss. Hakuna mtu anajua. Imefungwa tangu Januari."

Ilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia mtu fulani alinakili picha za maharusi na kuzisambaza mjini, kukawa na aibu na makelele. Tangu hapo picha zote za studio ziliwekwa ndani ya programu ya kuzifungia, yenye neno la siri. Bila neno hilo, hata ukiing'oa diski na kuitia katika mashine nyingine, ungeona herufi za ovyo tu. Neno lilitungwa na mpiga picha, Naftaly. Na Naftaly alikuwa amelisahau.

"Watu wa harusi tatu wananipigia kila siku," Nitin aliendelea. "Bibi harusi mmoja ameshajifungua na bado hajaona picha zake! Nikatafuta mtaalamu Nairobi. Ana mashine ya kujaribu maneno mpaka lipatikane. Angefika kesho asubuhi. Kesho, boss. Na leo imeibwa."

Habari ya neno la siri haikumshangaza Obura. Kituoni kwake kulikuwa na kompyuta iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma tangu mwaka jana, kwa sababu konstebo aliyejua neno lake alihamishiwa Lodwar na hapokei simu. Siku hizi walikuwa wakiwekea birika juu yake. Kilichomshangaza ni siku yenyewe. Kuna mtu hakutaka kompyuta hii ifunguliwe.

"Niitie huyo Naftaly."

Naftaly alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, mrefu, mwenye kovu lililoanzia juu ya sikio la kushoto na kupotelea kisogoni. Aliketi mbele ya Obura na kamera magotini. Alikuwa akipangusa lenzi kwa kitambaa kidogo cha sufu ya manjano, taratibu, kama mtu anayejituliza.

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Kliniki, afande. Kila Ijumaa saa sita mpaka saa nane. Kadi hii hapa, imepigwa muhuri."

Obura aliitazama. Muhuri ulikuwa wa leo.

"Password uliisahau vipi?"

"Sikusahau password peke yake." Naftaly aligusa kovu. "Ile Januari ya vurugu za uchaguzi, nyumba yetu ya mtaa wa Free Area ilichomwa. Mimi nilikuwa nje, mke wangu alikuwa ndani. Wanasema niliingia kumtoa, boriti ya paa ikaniangukia. Mimi sikumbuki. Nakumbuka arusi yetu. Nakumbuka mwaka huo wote, na kidogo mwaka uliofuata. Halafu ni hospitali, na shemeji yangu Sally ameketi kando ya kitanda, ananiambia Jepkorir amekufa, wameshamzika kwao Elburgon. Hapo katikati hakuna kitu. Kama miaka miwili hivi."

Alisema hayo bila kuinua sauti. Obura, ambaye kwa kawaida hakupenda mashahidi wanaosimulia sana, hakumkatiza.

"Sasa unaweza kuwa wewe ndiye uliyeificha. Labda kuna kitu cha kukuharibia jina humo ndani."

"Mimi?" Naftaly alimtazama kwa mshangao mtupu. "Afande, mimi ndiye ninayeilinda ile mashine. Tangu nirudi kazini mwezi wa pili unaisha, kila nikipata nafasi naketi hapo nikijaribu maneno. Nyumba iliungua na kila picha. Simu iliungua. Sura ya mke wangu naiona kama mtu aliye nyuma ya pazia. Kama kuna picha yake hata moja duniani, iko humo." Akapangusa lenzi iliyokwisha kuwa safi. "Na si yeye tu. Kuna kitu kingine niliacha humo ndani. Usiniulize ni nini. Najua tu kwamba kiko, vile unajua umetoka nyumbani bila kitu lakini hujui ni kitu gani."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu. Nitafutie tu, tafadhali. Sina kingine cha kutafuta."

Obura aliinuka akakohoa, ingawa hakuwa na kikohozi.

Mwenye studio alikuwa ameketi pembeni muda wote huo, akinywa chai kwa kuimimina katika kisahani. Mzee Shantilal alikuwa na miaka sitini na minane, mjane, aliyezaliwa hapo hapo Nakuru na kupiga picha za pasipoti za nusu ya mji. Alimchukua Naftaly kama kijana wa kubeba taa akiwa na miaka kumi na tisa, akamfundisha kazi, na watu walizoea kusema kwamba mzee hana mtoto ila yule. Maelezo yake yalikuwa mafupi.

"Nimefunga duka saa saba. Nimekwenda nyumbani kula. Nimerudi saa nane na nusu, kompyuta hakuna."

"Ulimwona mtu ngazini?"

"Hapana."

"Nani angetaka kuiiba, mzee?"

Shantilal aliweka kisahani chini. "Mimi sijui mawazo ya wezi, Bwana Inspekta."

Chini mlangoni, askari wa jengo aliyeitwa Ngigi alisimama wima kama anayekaguliwa.

"Kati ya saa saba na saa nane na nusu, ulimwona mtu akitoka na kompyuta?"

"Hapana, afande. Kompyuta mimi naijua. Si ningemshika?"

"Uliondoka hapa?"

"Hata kukojoa sikuenda, afande."

Mpigaji wa alama za vidole alikuja na unga wake, akapata alama za Nitin, za Naftaly na za Shantilal, yaani wote wenye haki ya kugusa meza ile. Watu wa ukumbi wa Naivasha walimthibitisha Nitin. Hospitali ilimthibitisha Naftaly. Ijumaa ikaisha, na Obura akaenda nyumbani akiwa amenuna, akamgombeza mkewe kwa chumvi ambayo haikuwa nyingi.

Jumamosi saa nne asubuhi alirudi. Mlango wa studio ulikuwa wazi, na Naftaly, aliyekuwa amempa mgongo, hakumsikia akiingia.

Alikuwa akishusha miguu ya stendi ya kamera. Aliishusha mpaka kamera ikawa usawa wa goti. Kisha akachukua kreti ya soda, akaipindua, akatandika taulo jeupe juu yake, akalikunja pembeni likawa nene, na katikati akabonyeza kwa ngumi mpaka pakawa na kishimo. Akainama nyuma ya kamera. Akapiga mluzi mdogo, sauti mbili, ya juu na ya chini. Kisha akanyanyuka, akabaki amelitazama lile taulo tupu.

"Unamngoja nani?" Obura aliuliza.

Naftaly aligutuka. "Samahani, afande. Sijui. Kila Jumamosi saa kama hii najikuta nafanya hivi. Mikono inajua, mimi sijui."

Obura alikuwa na watoto sita. Alijua taulo linabonyezwa hivyo ili kumzuia nani asibingirike.

"Ulijaliwa watoto?" aliuliza polepole.

"Hapana. Jepkorir alitaka sana. Hatukuwahi."

Kwenye pembe ya chumba kisahani kiligonga kikombe. Mzee Shantilal aliinuka, akachukua koti lake, akatoka bila kuaga mtu. Hakuwatazama.

Obura alimsikiliza mpaka hatua zake zikaisha ngazini. Ndipo alipojiona mjinga. Jana alikuwa amemwuliza askari habari ya kompyuta tu, na swali lenyewe lilikuwa bovu. Alishuka ngazi mbili mbili.

"Ngigi! Jana saa ile, achana na kompyuta. Nani alitoka hapa na kitu chochote mkononi?"

"Hakuna, afande."

"Mtu yeyote. Fikiria vizuri."

"Hakuna mtu, afande. Ni mzee tu."

"Mzee alitoka na nini?"

"Katoni ya karatasi za picha. Ilikuwa nzito, bana! Mimi mwenyewe nilimbebea mpaka kwa gari."

"Na jana hukuniambia!"

Ngigi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Afande, si uliniuliza kama nimeona mwizi? Mzee ni mwenye duka. Sasa ningesema nini?"

Obura alifungua mdomo amtukane, akaufunga. Askari alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Nyumba ya Shantilal ilikuwa Milimani, ya kizamani, yenye veranda na waridi zilizohitaji kupogolewa. Mzee mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Hakuuliza inspekta amefuata nini.

"Vua viatu," alisema tu.

Obura alivua. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, akalifunika kwa mguu mwingine, kisha akaacha, maana hakuna mtu anayetembea namna hiyo. Walipita sebuleni wakaingia katika chumba kidogo cha sala. Kulikuwa na taa ya samli, maua, na picha ya msichana mdogo mwenye mikia miwili ya nywele, imevishwa shada. Chini ya picha hiyo, juu ya mkeka, limefunikwa kwa blanketi ndogo ya manjano, lilikuwa sanduku la kompyuta.

"Nitin haingii hapa," alisema Shantilal. "Hana muda."

"Mzee, duka ni lako. Kompyuta ni yako. Kwa nini unajiibia?"

"Leo yule mtu wa Nairobi angeifungua. Naftaly angekuwa ameketi mbele yake. Angeona."

"Angeona nini?"

"Binti yake."

Obura aliketi sakafuni bila kukaribishwa.

"Ana binti?"

"Alikuwa naye. Amezaliwa tarehe kumi na nne Oktoba. Amekufa na mama yake, moshi, siku ile ile. Miezi mitatu na nusu. Wamezikwa pamoja, mama amempakata. Kaburi ni moja, na msalaba una jina la mama tu."

"Na yeye hajui."

"Hajui."

"Nani aliamua asijue?"

Shantilal alijibu akiwa ameitazama taa. "Sally alipomwambia kuhusu mke, hospitalini, aling'oa mipira yote ya dawa, akaanguka kitandani, kichwa kikapasuka tena. Siku nne hatujui kama ni mzima au ni maiti. Daktari akasema msimwambie lingine, ngojeni apate nguvu. Hata sisi kwetu, hata wao kwao, mgonjwa haambiwi. Basi tukangoja. Majirani walishatawanyika, kila mtu na kambi yake. Waliojua tulibaki wachache; hata Nitin alihamia huku baadaye. Mwezi ukaisha. Sally akaningoja mimi niseme, mimi nikamngoja Sally. Sasa Bwana Inspekta, baada ya mwezi utamwambia mtu vipi kwamba ulijua mwezi mzima? Na baada ya miezi sita?"

"Password unaijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

Obura alihisi hasira ikimpanda shingoni. Hakuizuia. "Unaijua! Na yule mtu anaketi pale kila siku anapapasa kama kipofu!"

"Mimi ndiye ninayeketi mbele yake! Anaandika jina la mama yake, hapana. Jina la shule, hapana. Jina la ng'ombe wa babake, hapana. Halafu ananigeukia: Mzee, hukumbuki hata herufi moja? Na mimi nasema hapana, kijana yangu, sikumbuki." Mzee alivuta utambi wa taa mbele. "Mimi sikuwahi kusahau hata siku moja. Alipoitunga alikuwa anacheka. Akaniambia, mzee, ukisahau jina la mjukuu wako siku hiyo hakuna kazi. Alimwita Ekta."

Aliinua mkono kidogo kuelekea picha yenye shada.

"Huyu ni Ekta wangu. Alikufa na miaka tisa, na Naftaly hakuwahi kumwona, ila picha hii tu. Mtoto wake alipozaliwa akaja akaniomba jina. Mimi nilikuwa sijaita jina hilo kwa sauti miaka ishirini. Nikaanza kuliita tena. Jumamosi saa nne mama yake anamleta, tunamlaza, Naftaly anapiga mluzi, anapiga picha moja. Kila wiki moja. Jumamosi kumi na mbili. Zingekuwa kumi na nne, lakini mbili duka lilifungwa kwa sababu ya vurugu."

"Ungeweza kuzifuta hizo picha. Kama shida ilikuwa asizione."

"Nilijaribu. Mashine inauliza: una hakika? Sikuwa na hakika."

Obura alijua bado kuna jambo. Mtu akikiri, jambo analoliona dogo hulitoa mwisho, na mara nyingi ndilo lenyewe.

"Umesema ulijaribu. Kwa hiyo ulikuwa ukiifungua."

Mzee aliinamisha kichwa.

"Lini?"

"Ijumaa. Akienda kliniki. Nafunga mlango, naandika jina, namwangalia. Saa moja, saa moja na nusu. Kisha nazima, na yeye anarudi, anaketi pale pale nilipotoka, anaanza kujaribu. Kiti bado kina joto langu." Sasa alikuwa akilia waziwazi, machozi yakishuka mpaka kidevuni. "Mwanzo nilificha kwa ajili yake, naapa. Baadaye nilificha kwa ajili yangu. Akijua, ataniuliza ulikuwa wapi miezi yote hii. Ataondoka. Na mimi sina mwingine. Nilimnyang'anya mtoto wake, Bwana Inspekta, nikabaki naye peke yangu."

Obura alimwacha alie. Naye alitazama pembeni, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamemzidi nguvu, na afisa wa polisi mwenye soksi iliyotoboka ameshaaibika vya kutosha.

"Kosa nililo nalo mkononi ni maelezo ya uongo kwa polisi," alisema hatimaye. "Hilo tutaliona Jumatatu. Lakini sasa hivi utavaa viatu, tutarudi studio, na utamwambia wewe mwenyewe. Si mimi. Wala si mashine."

"Akianguka tena?"

"Tutamdaka. Kliniki wanasema ana nguvu. Anayeanguka hapa ni wewe. Twende."

Naftaly alikuwa bado hajaondoa kreti. Alipomwona Obura akiingia amekumbatia sanduku la kompyuta alisimama ghafla, uso ukamjaa mwanga, na Obura akatamani kuwa mahali pengine popote.

"Umeipata! Afande, umeipata! Ilikuwa na nani?"

"Ilikuwa na mimi," alisema Shantilal mlangoni.

Alimwambia akiwa amesimama. Hakuketi, hakuzungukazunguka. Alisema kulikuwa na mtoto, wa kike, wa miezi mitatu na nusu, na kwamba yuko Elburgon kifuani kwa mama yake. Alisema alijua neno la siri. Alisema juu ya zile Ijumaa. Nitin, aliyekuwa ameingia nyuma yao na simu sikioni, aliishusha simu bila kuikata.

Naftaly hakuanguka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kuutazama kama anausoma.

"Jina?" aliuliza.

"Ekta."

"Ekta ni mtoto wako."

"Ulimpa jina la mtoto wangu."

Obura alipiga magoti chini ya meza, akafungua rababendi moja moja, akachomeka nyaya, akawasha swichi ya ukutani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwasha kompyuta na aliikosea mara moja. Monita ikapata mwanga. Kisanduku cheupe kikatokea, kikingoja.

Naftaly aliketi. Akaandika kwa kidole kimoja: ekta. Akangoja.

"Na siku yake," Shantilal alinong'ona. "Kumi na nne, kumi."

1410.

Mashine haikuuliza chochote. Ilifunguka tu.

Picha zilikuwa kumi na mbili, kila moja na tarehe yake. Katika ya kwanza alikuwa mtoto aliyekunja uso, amelazwa juu ya blanketi ya manjano, na mkono wa mwanamke pembeni. Katika ya nne alikuwa amefungua macho. Katika ya saba mama yake alikuwa ameingia kwenye picha bila kukusudia, akicheka, amefunika mdomo. Naftaly aliinua mkono akagusa kioo hapo, akauacha mkono kwa muda mrefu. Kisha akaendelea, ya nane, ya tisa, mpaka ya mwisho, ya tarehe kumi na tisa Januari. Mtoto alikuwa anacheka, miguu hewani. Mguu mmoja ulikuwa na soksi ya manjano ya kufumwa kwa mkono. Mwingine ulikuwa mtupu.

Naftaly aliitazama miguu ile. Akatia mkono katika mfuko wa shati. Akatoa kile kitambaa cha sufu alichokuwa akipangusia lenzi, akakifungua, akakinyoosha juu ya kiganja. Kilikuwa kimechakaa, kina weusi wa vumbi la miezi, lakini kisigino chake kidogo kilionekana bado.

"Ilikuwa kwenye mfuko wa kamera," alisema. "Nilidhani ni ya kupangusia."

Mzee alifunika uso.

"Umekuwa ukiniona nikipangusa nayo?"

"Kila siku," alisema Shantilal.

Naftaly alinyanyuka. Kiti kilianguka nyuma yake. Obura akasogea hatua moja, kwa mazoea ya kazi, kwa sababu ameona watu wakiuana kwa mambo madogo kuliko hili. Naftaly alimkaribia mzee mpaka wakabaki uso kwa uso, soksi imefumbatwa ngumini.

"Ningekupiga, mzee. Haki ya Mungu ningekupiga. Ningeondoka hapa nisikuone tena." Alifungua ngumi, akaitazama soksi. "Lakini mbali na wewe, nani mwingine anamjua? Mimi sina hata siku moja yake. Zote unazo wewe."

Aligeuka, akaokota kiti, akakisimamisha. Akavuta kingine, akakiweka karibu nacho.

"Kaa. Anza na Jumamosi ya kwanza. Usiruke hata moja."

Shantilal aliketi kama mtu aliyeamriwa na hakimu. Obura alimshika Nitin bega, akamtoa nje, akaurudisha mlango.

"Afande," Nitin alinong'ona ngazini, macho mekundu, "na kesi?"

"Shuka," alisema Obura.

Lakini yeye mwenyewe hakushuka mara moja. Alisimama pale akitafuta kofia ambayo ilikuwa tayari kichwani, na nyuma ya mlango akaisikia sauti ya mzee ikianza, nyembamba, ikikwama na kujikwamua.

"Jumamosi ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha. Mama yake alimleta ndani ya ile blanketi, na wewe ukafurahi mpaka ukasahau kuwasha taa."